Kikohozi cha mwenye figo mpya

Mwezi Julai, ukungu wa Kilimanjaro ukishuka Machame na Kibosho, kila nyumba ina anayekohoa. Tangawizi inachemshwa, mtoto anatumwa duka la dawa, wiki inapita. Kwa aliyepandikizwa figo, mazoea hayo ni hatari.

Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India. Popote alikopandikizwa, mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya kushusha kinga, vya kumeza maadamu figo hiyo inafanya kazi. Bila hivyo mwili huikataa, hata kama kaitoa ndugu wa tumbo moja. Kinga inayoshushwa ndiyo hiyo hiyo inayolinda mapafu.

Miezi ya mwanzo ndiyo migumu zaidi. Kuna nimonia ya kuvu, ile inayowasumbua pia wenye VVU, ndiyo maana wengi hupewa septrini kama kinga. Baadaye hubaki nimonia za kawaida, na kifua kikuu. Hiki cha mwisho Kilimanjaro inakijua: hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu 1926. Vijidudu vyake huweza kulala mwilini miaka mingi, vikaamka kinga ikilegea. Tena homa huenda isipande, kwa kuwa prednisoloni, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, huificha.

Ugumu hauishii kwenye kuugua. Tiba nayo ina mitego. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje haraka takrolimasi, dawa inayoilinda figo. Dozi isiporekebishwa, kifua kitapona na figo yaweza kukataliwa. Erithromaisini, inayouzwa madukani kama karanga, hufanya kinyume: takrolimasi hupanda kwenye damu hadi kuidhuru figo yenyewe. Vidonge vichache tu vya kikohozi vinatosha kuharibu kazi ya madaktari na sadaka ya aliyejitolea figo.

Haya yanatibika. Daktari anaweza kupima kiwango cha dawa kwenye damu, kupandisha dozi, au kutumia rifabutini badala ya rifampisini. Ila lazima ajue.

Kwa hiyo, wewe mwenye figo ya kupandikizwa, ukifika zahanati au duka la dawa, toa kwanza karatasi ya dawa zako, ndipo useme unakohoa. Na kabla ya kumeza chochote kipya, ipigie simu kliniki yako ya figo.