Kabla hujashuka matatu ikitembea, piga hesabu hii ya vekta

Ukitajiwa vekta, huenda unakumbuka tu mishale ubaoni na mwalimu wa Kidato cha Pili aliyejaa vumbi la chaki. Lakini somo hilo hukufuata hadi barabarani, na huko hakuna kurudia mtihani.

Sukari kilo 2 ukiongeza kilo 3 unapata kilo 5, basi. Vekta si hivyo, kwa sababu ina ukubwa na pia mwelekeo. Ndiyo maana huchorwa kama mshale: urefu ni ukubwa, ncha ni mwelekeo.

Kujumlisha ni rahisi. Weka mkia wa mshale wa pili kwenye ncha ya mshale wa kwanza, kisha chora mshale mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio jibu lako.

Sasa panda mathree. Steji imekaribia, dere amepunguza mwendo ila hasimami, na makanga anakuharakisha ushuke. Gari linasonga mita 4 kwa sekunde, yaani kama kilomita 14 tu kwa saa. Wewe unaruka kando kwa mita 3 kwa sekunde. Unadhani ukiuacha mlango umeachana na mwendo wa gari? Wapi! Bado unao mwilini.

Mishale hiyo miwili inakutana kwa pembe mraba, kwa hivyo mwite Pythagoras: 16 ukijumlisha na 9 ni 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Unatua kwa mita 5 kwa sekunde, tena kimshazari kuelekea mbele. Miguu inashikwa na lami, kiwiliwili kinaendelea na safari. Ndiyo maana makanga hutua akikimbia kule gari linakoelekea.

Na kutoa je? Geuza mshale unaotolewa uelekee kinyume, kisha ujumlishe kama kawaida. Hivi ndivyo tunavyojua kasi ya gari moja likitazamwa kutoka kwa jingine.

Tuseme mko kwenye barabara kuu yenye leni moja kila upande. Matatu yenu inakwenda kilomita 80 kwa saa, kikomo chake kisheria. Mbele kuna lori la kilomita 60, na dere anataka kulipita. Yote yanaelekea upande mmoja: 80 toa 60 ni 20, karibu mita 5.6 kwa sekunde. Kutoka nyuma ya lori hadi kurudi leni yenu mkiwa mbele yake, mnahitaji kulizidi kwa mita 50 hivi. Hizo ni sekunde 9.

Kumbe kuna gari linalokuja kwa kilomita 100! Kwa kuwa linaelekea kinyume, kasi yake ni hasi 100. Ukitoa hasi unajumlisha: 180 kwa saa, au mita 50 kila sekunde. Kwa sekunde zile 9, mita 450 zimeyeyuka. Hiyo ni zaidi ya viwanja vinne vya kandanda vilivyopangwa kwa urefu. Kwenye kona, nani anaona umbali huo?

Kwa hivyo dere akianza kupita magari konani, usione haya kumwambia, "Dere, pole pole." Na kwenye steji, acha makanga apige kelele. Subiri mshale wa gari uwe sifuri, ndipo ushuke na wako.