Kusahau Kunakofuata Ukoo

Wilaya ya Korogwe ina moja ya hospitali kongwe za magonjwa ya akili Afrika Mashariki. Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani. Wakati huo, kule Frankfurt, mwanamke aitwaye Auguste Deter alikuwa amelazwa hospitalini tangu 1901. Alipofariki mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake, akakuta mabonge ya protini kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mama huyo aliingia hospitalini akiwa na miaka 51. Maradhi ya Alzheimer, tunayoyahesabu kuwa ya vikongwe, yaliandikwa kwa mara ya kwanza kutokana na mtu wa makamo.

Wanaougua mapema kwa sababu ya urithi wa moja kwa moja hawafiki mmoja katika kila wagonjwa mia wa Alzheimer. Hata hivyo, hao wachache ndio waliofichua namna ubongo unavyoharibika. Kwenye utando wa seli za neva hukaa protini ndefu iitwayo APP, ambayo vimeng'enya huikata kila siku. Mkato wa mwisho hufanywa na kimeng'enya chenye kiini cha presenilini. Kwa kawaida vipande vingi hutoka na viungo 40 vya asidi amino, kisha huondolewa. Jeni ikiwa na hitilafu, uwiano hugeuka: vipande vya viungo 42, vyenye kunata zaidi, huongezeka na kurundikana miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau.

Jeni zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ile ya APP, kwenye kromosomu ya 21, ambayo hitilafu yake inayoleta ugonjwa ilitambuliwa mwaka 1991. Presenilini 1 na presenilini 2 zikafuata mwaka 1995. Kromosomu ya 21 inaeleza jambo jingine pia: mwenye sindromu ya Down anazo nakala tatu za kromosomu hiyo, hivyo hutengeneza APP kupita kiasi, na wengi wao hupata Alzheimer mapema.

Nakala moja yenye kasoro, kutoka kwa baba au mama, inatosha kuleta ugonjwa. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu, bila kujali nduguze wamepata nini. Huko Antioquia, Kolombia, daktari Francisco Lopera na wenzake walifuatilia koo kubwa zenye badiliko moja la presenilini 1, ambamo dalili huanza karibu na umri wa miaka 44. Kazi hiyo ilianzia kwenye maswali: nani aliugua, na akiwa na umri gani?

Hapo ndipo sisi Tanzania tuna pengo. Utafiti wa demensia wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanaugua. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini kwa kipimo hicho cha umri, mama wa miaka 48 anayepotea njia ya shambani kwake hawezi kuonekana. Akifuatiwa na mdogo wake, majirani watataja uchawi au laana ya ukoo, na familia nzima itakosa wachumba.

Daktari anayempokea mgonjwa wa namna hii lazima kwanza atafute yanayotibika: kaswende, VVU, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona. Yakishaondolewa, achore ukoo wa vizazi vitatu pamoja na umri wa kuanza kuugua. Karatasi na kalamu zinatosha, na shangazi mmoja mwenye kumbukumbu nzuri atajaza mengi. Kipimo cha jeni kije baadaye, kwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe baada ya kupewa ushauri nasaha. Tiba ya kuuondoa ugonjwa haijapatikana, kwa hiyo mtoto mwenye afya asipimwe kwa shinikizo la wazazi, na mtu mzima asiyetaka kujua aachwe.