Kitabu cha picha na mtoto aliyekimbia: neno kwa sisi wa Sake



Mimi nilisoma agronomia, si ualimu. Lakini sisi tunaofundisha wakulima tuna kifaa kimoja ambacho watoto wa Sake wanakihitaji: picha. Kule shambani hatuanzi na maelezo. Unasimamisha picha ya kilima kilichokwisha udongo, unauliza: "Munaona nini?" Halafu: "Imetokana na nini?" Mwisho: "Tufanye nini?" Mkulima hapati haya, ju anasema shamba la kwenye picha, si lake. Ila kila mtu anajua tunazungumzia nini.

Kitabu cha picha kinamfanyia mtoto kazi ile ile. Anasema yaliyompata bila kulazimishwa kusema "mimi".

Kwetu jambo hili ni la haraka. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye watu wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka, na wengi sana walikuja hapa Sake, karibu kilometa 25. Tuliwapokea. Februari 2024 vita ikafika kwenye vilima vyetu. Safari hii ni sisi tulipakia magodoro kwenye chukudu kuelekea Mugunga, Bulengo na Lushagala. Januari 2025 vita ikaingia Goma kwenyewe, mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakarudi. Hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 2021 amekuwa mwenyeji, amekimbia na amerudi kabla hajafika 12.

Pamoja na hayo yote, ukipita karibu na shule utasikia watoto wanatukanana "deplase". Hapo ndipo kuna kazi. Mtoto anapaswa kuelewa kwamba ukimbizi si aina ya mtu, ni jambo linalompata mtu.

Tusichanganye maneno pia. Kwa Mkataba wa Geneva wa 1951, mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi yake ju ya kuogopa kuteswa, kama wenzetu walioko Nakivale, Uganda. Aliyebaki ndani ya nchi ni mkimbizi wa ndani. Afrika ilimwandikia mkataba wake Kampala mwaka 2009. Sheria inawatenganisha, lakini mtoto aliyelala chini ya hema anaona usiku ni ule ule.

Vitabu viko. The Day War Came cha Nicola Davies, michoro ya Rebecca Cobb (2018), kinasimulia mtoto anayekataliwa shuleni kwa sababu hakuna kiti chake. Watoto wengine wanamletea kiti. Nani hapa hatalielewa hilo? Brothers in Hope cha Mary Williams (2005) kinafuata watoto wa Sudan wanaotembea kwa mguu hadi Ethiopia, kisha Kenya. Shida: viko kwa Kiingereza, na kuvipata huku si rahisi. African Storybook inatoa bure kwenye intaneti hadithi za picha, nyingi kwa Kiswahili, na inaruhusu kuzitafsiri na kuzibadilisha.

Namna ya kutumia:

1. Picha kwanza, maandishi baadaye. "Munaona nini?" Wape muda.

2. Uliza juu ya mtoto wa kwenye picha. "Amebeba nini? Ameacha nini?" Usiulize mbele ya wenzake: "Na wewe ulikimbia namna gani?" Akitaka kusema, atasema mwenyewe.

3. Akinyamaza au akilia, funga kitabu, kaa karibu naye, kisha ongea na mzazi wake polepole. Kitabu si dawa.

4. Tafuta mkono unaopokea: nani alitoa maji, nani alisogea kwenye benchi? Aliyetukana jana ataona nafasi yake ndani ya hadithi.

5. Usidanganye kwamba mambo yameisha. Vitabu vingi vinaishia pale mtu anapofika. Kwetu kuna kurasa za kurudi: shamba lililoota majani, nyumba isiyo na mabati, rafiki ambaye bado hajaonekana.

Kurasa hizo hakuna atakayetuchorea. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje mpaka ipate sehemu nane, kata katikati, ikunje tena: una kijitabu. Watoto wachore njia, bidoni, mbuzi, jiko la jirani. Lakini wasiandike majina ya kweli, wasichore sare wala bendera. Karatasi hiyo itabebwa nyumbani, na picha moja inaweza kumletea mzazi matatizo.

Kwa hiyo ninaomba hivi: mwenye kujua kuchora ajitokeze. Mwenye kuandika vizuri Kihunde, Kinyarwanda, Kinande au Kinyanga, naye pia. Tuanze na kijitabu kimoja, kurasa nane, tukijaribu na kikundi kidogo cha watoto, kisha tuone wametujibu nini.