Kompyuta Isiyowaka Baada ya Kupigwa Windows

Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za nyumbani wengi wamejikuta na haja ya kupiga Windows upya. Na hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hata Makorora, hawakosekani wale ambao, kazi ikiisha na flashi ikichomolewa, hubonyeza kitufe cha kuwashia wakaona kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe unaodai kwamba hakuna diski ya kuanzia. Mtu akishikwa na hofu hapo, huirudisha flashi akapiga Windows mara ya pili, akifuta kila sehemu ya diski anayoiona, pamoja na picha za arusi na hesabu za duka zilizokuwa zimesalimika mara ya kwanza. Namsihi msomaji asifanye hivyo. Aghalabu Windows iliyopigwa i salama mahali pake, na kilichopotea ni njia ya kuifikia.

Ikiwa kioo hakionyeshi chochote, hata nembo ya mtengenezaji, au kompyuta inatoa milio mifupi mifupi, basi Windows haina hatia, kwa kuwa zamu yake haijafika. Na katika nyumba zilizo karibu na bahari, kama za Raskazone au Pangani mjini, wa kwanza kushukiwa ni ramu, kibao cha kumbukumbu, ambayo meno yake ya rangi ya dhahabu huchafuka kwa hewa ya chumvi. Chomoa waya wa umeme, itoe ramu, uyasugue meno yale taratibu kwa kifutio cha penseli, upanguse vumbi lake kwa kitambaa kikavu, kisha uirudishe mpaka vibanio vyake vilie.

Nembo ikitokea, kisha mashine ikakwama, hitilafu iko katika makabidhiano. Ndani ya bodi kuu ya kompyuta mna programu ndogo iamkayo kabla ya kitu kingine chochote, ikakagua viungo, kisha ikaitafuta Windows diskini ili iikabidhi madaraka. Kwa desturi ya kale, iitwayo BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, programu hiyo husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kutii maagizo iliyoyakuta humo; kwa desturi mpya, UEFI, inayosimamiwa na jumuiya ya watengenezaji tangu 2005, hutafuta faili la kuanzia ndani ya sehemu ndogo ya diski, mara nyingi ya megabaiti 100, iliyositirika machoni pa mwenye kompyuta. Diski ikiandaliwa kwa desturi moja, ilhali bodi imeelekezwa kwenye nyingine, huwa kama barua ya hati za Kiarabu iliyokabidhiwa mtu aliyefundishwa herufi za Kirumi peke yake: barua haina kasoro, wala msomaji si mjinga, ila hawafahamiani.

Kuibaini hali hiyo si kazi kubwa. Washa kompyuta kwa flashi ile ile, na badala ya kukubali kupiga upya, chagua njia ya ukarabati mpaka ufike kwenye dirisha jeusi la amri. Andika diskpart, kisha list disk. Ukiona alama ya nyota chini ya neno Gpt, diski imeandaliwa kwa desturi mpya. Pasipo nyota, ni ya kale. Ingia sasa kwenye mipangilio ya bodi, kwa F2 au Delete au kitufe kingine kadiri ya mashine, uangalie kama imewekwa UEFI au Legacy, yaani desturi ya kale, uiafikianishe na diski. Kubadili huku hakufuti hata herufi moja, ndiyo maana kunastahili kutangulia. Bodi na diski zikiisha kuafikiana na bado kompyuta haiwaki, ndipo faili la kuanzia liandikwe upya kwa amri ya bcdboot; lakini hakikisha kwanza herufi ya diski, kwani ndani ya dirisha lile iliyokuwa C huweza kuitwa D.

Ipo sababu nyingine, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaonea watu zaidi. Mtu huongeza SSD, diski ya aina mpya, akaiacha diski ya zamani mle mle. Windows huwekwa kwenye SSD, walakini faili la kuanzia huweza kutiwa kwenye diski kuukuu, kwa kuwa huko ndiko ilikokutwa ile sehemu ndogo iliyositirika. Siku diski hiyo ikifa au ikiuzwa, SSD yenye Windows kamili haiwaki. Fundi aichomoe diski ya pili kabla hajaanza kazi, na asiyefanya hivyo adaiwe maelezo.

Itazame na saa pia. Ikirudi miaka ya nyuma kila mashine ichomolewapo, betri ya mviringo ya bodi, aghalabu CR2032 ya volti 3, imekwisha, na mipangilio imerejea ya kiwandani. Hapo Windows huweza kuanza, kisha ikakatika kwa kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Sisi wa pwani huchomoa kila kitu ukutani masika yakija na radi, nasi twafanya vyema, ila muda wote huo saa huila betri hiyo peke yake. Weka betri mpya, sahihisha tarehe, kisha uurejeshe mpangilio wa SATA, yaani namna bodi inavyowasiliana na diski (AHCI au RAID), kama ulivyokuwa siku Windows ilipopigwa. Na kabla hujagusa chochote, zipige picha kurasa zote za mipangilio kwa simu yako.