Historia, Tashtiti na Bahari: Maandishi ya C. Northcote Parkinson

Si jambo geni kwa mwanachuoni kutunga hadithi. La nadra ni mtu mmoja kuandika historia, tashtiti na riwaya kutokana na maarifa yale yale. Cyril Northcote Parkinson (1909–1993), Mwingereza, ni mfano unaotufaa sisi tunaofundisha fasihi, kwani kila mwaka wanafunzi hutuuliza mpaka wa historia na ubunifu uko wapi, na jibu letu aghalabu huwa jepesi mno.

Alianza na historia. Mwaka 1934 alichapisha wasifu wa Edward Pellew, kamanda wa manowari za matanga. Mwaka 1937 kikafuata kitabu juu ya biashara katika bahari za Mashariki kati ya 1793 na 1813. Ni kazi za mtu aliyezoea kukesha na hati.

Tangu 1950 hadi 1958 alikuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Malaya, Singapore, na katika kipindi hicho yalitoka makala yaliyompa umaarufu, katika jarida la The Economist, mwaka 1955. Hoja yake ni kwamba kazi hutanuka mpaka ikaujaza muda iliyotengewa. Ushahidi aliuchota katika uwanja wake mwenyewe. Mwaka 1914 Uingereza ilikuwa na manowari kubwa 62 zilizokuwa kazini. Mwaka 1928 zilibaki 20. Katika muda huo huo maofisa wa makao makuu ya jeshi la majini waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Akaigusa pia Wizara ya Makoloni, ile ile iliyoisimamia Kenya: watumishi 372 mwaka 1935, na 1,661 mwaka 1954, ingawa Palestina na Ceylon zilikwisha kuiponyoka mwaka 1948.

Hapa ndipo penye somo. Tumezoea kuitafuta tashtiti katika chuku, ilhali Parkinson hatii chumvi katika tarakimu. Kinachochekesha ni sauti: mtaalamu mpole anayeukokotoa upuuzi kwa fomula, pasipo kutabasamu hata mara moja. Laiti angalicheka, hoja ingalikufa.

Mwaka 1970 alikwenda mbali zaidi. Aliandika wasifu wa Horatio Hornblower, nahodha aliyebuniwa na C. S. Forester, kana kwamba mtu huyo aliishi na kuacha barua na kizazi. Msomaji asiyemjua Forester hana alama ya wazi ya kumzindua. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitabu chake kinachopaswa kututia wasiwasi zaidi, maana chaonyesha kuwa vyombo vya utafiti, tunavyoviamini mno, huweza kuubeba uzushi bila kuvunjika.

Riwaya zake sita za baharini juu ya Richard Delancey, zilizotoka kati ya 1973 na 1982, hazifikii kiwango hicho. Merikebu zimo, pepo zimo, amri na vyeo vimo barabara; watu ndio hafifu, kwani mwanahistoria hakukubali kumpisha msimulizi. Atakayesoma kitabu chake cha 1954 juu ya vita katika bahari za Mashariki sambamba na riwaya ya Dead Reckoning (1978), inayosafiri katika maji hayo hayo, atauona mshono.