Je, Wajua? Kondoo Dume Mkubwa Anaweza Kudhoofisha Kundi

Je, wajua kwamba kondoo mwekundu wa Kimaasai, pamoja na umbo lake dogo, huwastahimili minyoo wa tumboni kuliko Dorper, mbari kubwa iliyozalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930? Madume wa Dorper walienezwa Kenya kuanzia miaka ya 1970, na wafugaji wengi wakawapandisha kwa kila jike, kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1990 watafiti walizifuga mbari hizo mbili pamoja huko Diani, pwani yenye unyevu na minyoo tele. Wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na kundi la Wekundu ndilo lililokuwa na tija.

Mfugaji atauliza, na ana haki: si Dorper hukua haraka na kuleta pesa? Kweli, hasa katika nyanda kavu ambako minyoo ni wachache. Ndiyo maana dume huchaguliwa kwa kuangalia mazingira na jike atakayempanda, si uzito wake peke yake. Chotara wa kwanza wa Dorper na Mwekundu hupata nguvu ya ziada kutokana na mchanganyiko wa damu. Wakipandana wao kwa wao, nusu ya nguvu hiyo hupotea katika kizazi kimoja tu. Anayetaka machotara wazuri miaka yote basi hana budi kuwatunza majike Wekundu halisi. Mwenye kondoo kumi hawezi peke yake, lakini wafugaji wa kijiji wanaweza kugawana kazi: wengine wahifadhi damu safi, wengine wazalishe chotara wa kuuza.