Kijiko cha Mtumba Hupimwa kwenye Viungo

Mtu anapokwenda kununua kijiko kilichokwishatumika, ule mtambo wenye ndoo ya kubebea mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambao wengi huuita JCB hata ukiwa umetengenezwa na Case, Caterpillar au Komatsu, mara nyingi hutazama vitu vitatu: rangi, mita ya saa na mlio wa injini. Vyote vitatu muuzaji anaweza kuviandaa kabla mteja hajafika. Rangi hupulizwa, mita hubadilishwa, injini hupashwa moto mapema ili iwake bila kusumbua. Hoja yangu ni kwamba thamani ya kijiko iko pale pasipopambika kirahisi: kwenye pini na bushi za viungo vyake, na kwenye oili ya haidroliki ikishapata moto. Mnunuzi mwenye nusu siku tu ya ukaguzi aitumie zaidi huko.

Sababu iko katika umbo la mtambo wenyewe. Tangu JCB ya Uingereza ilipounganisha kazi ya kubeba na ya kuchimba katika mtambo mmoja mwaka 1953, msingi haujabadilika: chasisi moja inavutwa huku na huku na mikono miwili, na yote huwa na uzito wa takriban tani 8. Nguvu yote inayong'oa udongo hupita kwenye pini chache, ambazo hutakiwa kupakwa grisi kila siku ya kazi. Palipo na uzembe, vumbi hukaa mahali pa grisi, bushi inalika, kisha pini inaanza kula chuma cha mkono. Bushi ni spea ndogo. Fundi anaigonga itoke na kuingiza mpya. Lakini tundu lililopanuka upande mmoja lazima lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya kwa mashine maalumu, na karakana za kazi hiyo haziko kila mji. Mlegeo wa milimita chache unaweza kubeba gharama ambayo haikusomeka popote kwenye tangazo la kuuza.

Kuupima mlegeo huo hakuhitaji elimu ya uhandisi. Mwombe opereta anyooshe mkono wa nyuma, ndoo iguse ardhi kidogo, kisha asukume na kuvuta taratibu bila kuuhamisha mtambo. Wewe simama mbali na mkono, upande anaokuona, utazame kiungo kimoja baada ya kingine: je, chuma kinatikisika kabla ndoo haijaanza kutii? Kaa zaidi kwenye kiungo kikuu ambacho mkono wote huzungukia kwenda kulia na kushoto, maana ndicho kinachoumia zaidi na ndicho kigumu kukitengeneza. Opereta azungushe mkono na kusimama ghafla; ukiendelea kuyumba kwa mlio wa kugonga, umekwisha kuambiwa. Mtambo ukizimwa na mikono yote ikiwa chini, pitisha tochi kwenye chasisi karibu na kiungo hicho na chini ya mikono ya mbele. Mstari wa kutu uliotokeza juu ya rangi mpya huenda ni ufa. Bamba lililochomelewa pasipokuwa na bamba kiwandani ni ushahidi kwamba chuma kiliwahi kukatika, na muuzaji anapaswa kueleza kwa nini.

Haidroliki nayo ina tabia ya kuficha aibu yake ikiwa ya baridi. Oili ya baridi ni nzito, hivyo pampu iliyochoka bado inaonekana ina nguvu. Ndiyo maana jaribio la dakika tano uani halitoshi. Mtambo uchimbe udongo wa kweli hadi oili ipate moto, ndipo uangalie kama mkono unapungua kasi au unashindwa kuinua ndoo iliyojaa. Kisha shusha miguu ya nyuma mpaka magurudumu yaache ardhi, zima injini, subiri dakika kumi. Mguu unaorudi taratibu unaonyesha kwamba sili za silinda au vali inayoifungia oili vinavujisha kwa ndani. Kagua pia fito za silinda zinazong'aa: penye vishimo vya kutu au mikwaruzo, sili mpya itachanika muda mfupi baada ya kufungwa.

Wapo watakaosema kwamba injini ndiyo moyo wa mtambo, na kuidharau ni hatari. Siidharau. Ikute ikiwa ya baridi kabisa, na ukigusa ukute ni ya moto, omba kurudi siku nyingine. Moshi wa samawati usiokoma ni dalili ya oili kuungua. Mvuke mwingi unaopuliza kwenye mdomo wa kujazia oili ni dalili ya ringi zilizokwisha. Hata hivyo, ubovu wa injini huonekana na kusikika, na mafundi wa kufungua injini za dizeli ni wengi kuliko wa kuchonga viungo. Giaboksi inastahili hofu kubwa zaidi: oili ikiwa ya moto, badilisha kwenda mbele na nyuma, na mtambo ukichelewa kushika, hesabu gharama hiyo mapema.

Wengine hutegemea saa chache za mita, hasa kwa mitambo inayotoka Ulaya. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kazi ya saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hufikia takriban saa 2,000 kwa mwaka. Mtambo wa miaka 15 unaosoma saa 4,000 unadai ulifanya kazi chini ya saa 300 kila mwaka. Inawezekana, kama ulikuwa wa shamba, lakini basi pedali zisiwe zimelika hadi chuma, wala viungo visicheze. Mita ni dai la muuzaji. Viungo ndivyo vinavyolithibitisha au kulikanusha.

Pingamizi la mwisho ni kwamba kila kijiko cha zamani kina mlegeo, kwa hiyo mkaguzi mkali hatanunua chochote. Kweli, hakuna cha zamani kisicho na dosari, na lengo la ukaguzi ni kuipa kila dosari bei yake. Nenda na fundi mitambo unayemlipa wewe, asiyetegemea kamisheni ya dalali. Linganisha namba ya bamba na iliyogongwa kwenye chasisi na ya kwenye hati. Nchini Kenya, ipo pia rejista iliyotokana na sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, inayoonyesha kama mali imewekwa rehani. Bushi, mipira na tairi ziondoe kwenye bei. Chasisi iliyopasuka, kiungo kikuu kilicholika au muuzaji anayekataa mtambo usichimbe hata shimo moja, hivyo visikufanye ubishane bei. Ondoka na fedha zako, maana kijiko kilicholala karakana hakilipi mkopo wala mshahara wa opereta.